Maafa Yakitokea, Nani Anawajibika?



Leo tutazungumza juu ya maafa. Huenda ukajiuliza: maafa yana uhusiano gani na afya? Uhusiano wake ni mkubwa. Mafuriko yakiingia kijijini, vyoo hujaa maji. Uchafu wa vyoo huingia visimani. Baada ya siku chache watu huanza kuharisha. Ukame ukizidi, chakula hupungua ghalani. Watoto hukonda na kuugua utapiamlo. Nyumba ikishika moto usiku, watu huungua, na mali yote huteketea. Kwa hiyo maafa ni jambo la afya, na ni jambo letu sote.

Watu wengi wana swali moja. Maafa yakitokea, nani anawajibika? Wengine husema ni kazi ya Serikali. Wengine husema ni kazi ya Mungu. Wengine hukaa na kungoja gari la misaada litoke Bunda au Musoma. Katika somo hili tutaona kazi hii imegawanywaje, tangu Dodoma mpaka nyumbani kwako. Ukiielewa vizuri, utajua la kufanya katika saa ya kwanza. Saa ya kwanza ndiyo inayookoa watu wengi.

JANGA NA MAAFA

Kwanza tuelewe maneno mawili. Neno la kwanza ni janga. Janga ni jambo la hatari linaloweza kuleta madhara. Mvua kubwa ya mawe ni janga. Radi ni janga. Moto, ukame, tetemeko la ardhi na ugonjwa wa mlipuko ni majanga.

Neno la pili ni maafa. Maafa hutokea pale janga linapowapata watu na kuwadhuru hata wakashindwa kujimudu kwa nguvu zao wenyewe. Mvua kubwa ikinyesha porini pasipo watu, hayo si maafa. Mvua hiyohiyo ikibomoa nyumba nyingi na kuharibu mashamba na visima, hayo ni maafa.

Je, tunajifunza nini hapo? Tunajifunza kwamba mvua hatuwezi kuizuia, lakini maafa tunaweza kuyapunguza. Nyumba iliyojengwa juu ya mkondo wa maji itabomoka. Nyumba iliyojengwa mahali palipoinuka huenda ikabaki. Mvua ni ileile. Tofauti ni matayarisho.

SHERIA INASEMA NINI?

Zamani kazi kubwa ya maafa ilikuwa kugawa misaada. Watu wakipatwa na njaa au mafuriko, Serikali ilileta chakula, mablanketi na mahema. Mwaka 1990 Bunge lilitunga sheria ya kuratibu misaada hiyo. Mwaka 2015 ilikuja Sheria ya Usimamizi wa Maafa. Baadaye nayo ilibadilishwa. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka huo.

Angalia jinsi jina lilivyobadilika. Sheria ya mwaka 1990 ilihusu misaada. Sheria zilizofuata zinahusu usimamizi. Usimamizi una kazi nne:

1. Kuzuia maafa yasitokee, au kuyapunguza.
2. Kujiandaa kabla hayajatokea.
3. Kuyakabili yanapotokea.
4. Kurudisha hali ya watu baada ya maafa kupita.

Kugawa chakula na mablanketi ni sehemu tu ya kazi ya tatu. Kazi ya kwanza na ya pili zinafanyika siku za kawaida, wakati jua linawaka na watu wako shambani. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana chombo chao. Kinaitwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar. Hapa tutazungumzia Tanzania Bara.

NGAZI ZA UWAJIBIKAJI

Sasa tutazame ngazi moja moja. Tutaanza juu, kisha tutashuka mpaka kwako.

Taifa. Mratibu mkuu wa maafa nchini ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Ndani yake kuna Idara ya Menejimenti ya Maafa. Kwa nini Waziri Mkuu? Kwa sababu maafa hayawezi kuachiwa wizara moja tu. Ugonjwa wa mlipuko unaihusu Wizara ya Afya. Barabara iliyokatika inaihusu wizara ya ujenzi. Watoto wasio na darasa wanaihusu wizara ya elimu. Waziri Mkuu ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali za kila siku, na anaweza kuwaita mawaziri wote hawa mezani kwa pamoja.

Kila chombo kina kazi yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua na upepo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huzima moto na kuokoa watu. Polisi hulinda watu na mali zao. Jeshi la Wananchi husaidia panapohitajika nguvu kubwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hutunza nafaka ya akiba. Bohari ya Dawa hupeleka dawa. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho husaidia.

Mkoa. Sisi wa Mara, makao ya mkoa yako Musoma. Mkuu wa Mkoa ndiye kiongozi wa kazi ya maafa katika mkoa mzima. Jambo likiishinda wilaya moja, mkoa huchukua watu na vifaa kutoka wilaya nyingine.

Wilaya. Mkuu wa Wilaya huongoza kamati ya maafa ya wilaya. Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya watu. Wilaya ya Bunda ina halmashauri mbili. Moja ni Halmashauri ya Mji wa Bunda. Nyingine ni Halmashauri ya Wilaya ya Bunda. Kila moja ina mkurugenzi wake, mipango yake na bajeti yake. Lakini Mkuu wa Wilaya ni mmoja kwa wote. Kwa hiyo mafuriko yakivuka mpaka wa halmashauri, hakuna sababu ya mtu kusema, hao si watu wetu.

Kata. Kata ni kiungo kati ya wilaya na vijiji au mitaa. Mtendaji wa kata hukusanya taarifa za vijiji au mitaa yote na kuzipeleka mbele. Katani wapo pia wataalamu: afisa ugani, afisa afya, walimu, na watumishi wa zahanati.

Kijiji au mtaa. Sheria inataka kila kijiji na kila mtaa kiwe na kamati yake ya maafa. Hii ndiyo ngazi iliyo karibu nawe. Viongozi wake unawafahamu kwa majina. Mnakutana nao kisimani, mnadani na msibani.

Kaya. Mwisho kabisa kuna nyumba yako. Wewe, mwenzi wako, watoto na wazee. Hapo ndipo maafa hufika kwanza.

Tukumbuke jambo hili: taarifa hupanda, msaada hushuka. Taarifa hutoka kwenye kaya, hupanda kijijini, katani, wilayani, mkoani, hata taifani. Msaada hushuka kwa njia hiyohiyo. Taarifa ikikwama njiani, msaada nao utachelewa.

JIRANI NDIYE WA KWANZA

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kijiji ni ngazi ndogo isiyo na maana. Tutazame mambo yaliyotokea katika ziwa letu.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, huko Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walifariki. Watu wa kwanza kuwafikia waliokuwa majini walikuwa wananchi wa hapohapo, wenye mitumbwi yao.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika na mitumbwi yao.

Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia katika mji wa Katesh, Mkoa wa Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Waziri Mkuu alifika. Askari walikuja kuondoa matope na kutafuta watu. Baadaye Serikali ilijenga nyumba za waathirika. Hapo tuliona ngazi zote zikifanya kazi. Lakini kabla magari makubwa hayajafika, waliokuwa wakivutana mikono kutoka katika matope ni majirani.

Mambo haya matatu yanatufundisha somo moja. Wilaya ina gari, mkoa una wataalamu, taifa lina ghala. Lakini vyote hivyo vinahitaji muda kufika. Jirani hahitaji muda. Yuko hapo tayari. Swali ni je, jirani huyo anajua la kufanya?

TUSEME IMETOKEA KABASA

Sasa tuchukue mfano wa kufikiria. Tuseme unakaa Kabasa, wilayani Bunda. Ni usiku. Mvua kubwa yenye upepo imenyesha kwa saa nyingi. Mapaa ya nyumba kadhaa yameezuliwa. Kuta za udongo zimeanguka. Maji yamejaa katika vyoo na visima. Je, mtafanya nini?

Kama hamkujiandaa, kila mtu atakimbia upande wake. Asubuhi mtaanza kuulizana, fulani yuko wapi? Hakuna atakayejua. Pengine bibi kizee aishiye peke yake atakumbukwa saa nne, wakati ukuta umemwangukia tangu saa nane ya usiku.

Kama mlijiandaa, mambo yatakwenda hivi:

Kwanza, filimbi au ngoma italia. Kila mtu anaujua mlio huo na maana yake. Watu wataelekea mahali palipokubaliwa, kama vile shuleni au penye mwinuko.

Pili, kila balozi atahesabu watu wake. Anao orodha ya kaya. Katika orodha hiyo wamewekewa alama wazee wanaoishi peke yao, akina mama wajawazito, wagonjwa, na watu wenye ulemavu. Hao watafuatwa kwanza.

Tatu, vijana waliopangwa watawatoa waliofukiwa. Wana majembe, sepetu, kamba na tochi. Hawatagusa waya wa umeme ulioanguka, wala hawataruhusu mtu mwingine kuugusa.

Nne, mhudumu wa afya wa jamii atawatazama majeruhi. Walioumia sana watapelekwa zahanati au hospitali. Mwenye pikipiki au gari ameshakubaliana na kamati tangu mapema.

Tano, kiongozi wa kijiji au mtaa atampigia simu mtendaji wa kata usiku uleule. Atasema mambo haya kwa ufupi: ni nini kimetokea, wapi, saa ngapi, watu wangapi wameumia au kufa, kaya ngapi hazina makazi, barabara inapitika au haipitiki, na kinachohitajika kwanza ni nini.

Taarifa kama hiyo inaweza kutolewa kwa dakika tatu. Mkuu wa Wilaya akiipata usiku, asubuhi msafara utaondoka ukiwa na vitu vinavyotakiwa. Akipata habari za uvumi tu, itambidi kwanza atume watu kuja kutazama. Siku nzima inaweza kupotea.

BAADA YA MAJI KUJA UGONJWA

Mvua ikisha, watu hudhani hatari imekwisha. Sivyo. Hatari ya pili ni kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Mkoa wetu wa Mara unakifahamu kipindupindu. Mwaka 2023 ugonjwa huu uliingia tena mkoani kwetu.

Kipindupindu ni janga lenye haraka. Mgonjwa huharisha maji mengi na kutapika. Maji ya mwili yakimwishia anaweza kufa kwa saa chache tu. Lakini akipewa maji na chumvichumvi mapema, hupona.

Ukiona mtu anaharisha namna hiyo, fanya haya:

Mpe maji ya chumvichumvi mara moja. Kama huna pakiti ya kituo cha afya, tengeneza mwenyewe. Chukua maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita moja. Tia sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa. Tia chumvi nusu ya kijiko kidogo. Koroga mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, mara kwa mara.

Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa. Endelea kumpa maji hayo njiani.

Toa taarifa kwa kiongozi wako siku hiyohiyo. Kuna watu huficha mgonjwa kwa kuona aibu, au kwa kuogopa kwamba soko na mnada vitafungwa. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa mmoja aliyefichwa anaweza kuambukiza kisima cha kijiji kizima.

Chemsha maji ya kunywa, au tumia dawa ya kutibu maji kama ulivyoelekezwa. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Choo kiwe mbali na kisima, hatua zisizopungua arobaini za mtu mzima.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja mtu aje kuwachimbia. Kazi ile ilikuwa kuzuia maafa, ingawa wakati ule hatukuiita kwa jina hilo.

HAKI YAKO NA WAJIBU WAKO

Sheria ni nzuri, lakini karatasi haiwezi kumtoa mtu chini ya ukuta. Kamati iliyoandikwa tu bila kukutana haina faida. Kwa hiyo mwananchi anayo haki ya kuuliza. Katika mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, simama uulize kwa adabu: Mwenyekiti, kamati yetu ya maafa ina nani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Tukipatwa na moto usiku huu, tutakusanyika wapi? Huo si utovu wa heshima. Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa. Na kama kamati haipo, mkutano huohuo unaweza kudai iundwe.

Haki huenda na wajibu. Wajibu wa kwanza ni kusema kweli. Maafa yakitokea, orodha ya waathirika huandikwa. Wapo watu ambao nyumba zao hazikuguswa, lakini huandikisha majina. Wapo wanaoandika watu kumi katika kaya ya watu wanne. Gunia la mahindi analolichukua mtu wa namna hiyo limetoka katika kinywa cha mjane aliyelala nje. Orodha isomwe hadharani, kila mtu aisikie. Majirani wanajuana.

Wajibu wa pili ni kusikiliza tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa au upepo mkali ziwani, usiseme, hao husema kila siku. Mvuvi, ahirisha safari. Mfugaji, hamisha mifugo bondeni. Radi zikianza, toka majini, wala usijikinge chini ya mti.

Wajibu wa tatu ni kutunza namba za simu. Ziandike kwa kalamu ukutani, watoto nao wazione. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi ni 112. Wizara ya Afya, kwa habari za magonjwa ya mlipuko, ni 199. Ongeza chini yake namba ya mwenyekiti wako, ya mtendaji, na ya mtu mwenye chombo cha usafiri.

Wajibu wa nne ni kuandaa nyumba yako. Weka tochi mahali pamoja, kila mtu apajue. Weka akiba ya chakula ghalani, usiuze yote wakati wa mavuno. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati zako vifunge katika mfuko wa plastiki. Funga mapaa vizuri kabla ya masika. Zibua mifereji.

Basi, ndugu msomaji, tukirudi katika swali letu, nani anawajibika? Waziri Mkuu anawajibika. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya wanawajibika. Kata na kijiji vinawajibika. Na wewe unawajibika. Kila mmoja ana kazi yake, na kazi ya mmoja haiwezi kufanywa na mwingine. Wilaya haiwezi kujua kwamba bibi jirani yako ni kiziwi na hatasikia filimbi. Hilo unalijua wewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya janga na maafa? Toa mfano mmoja wa hapa kwenu.
2. Taja ngazi za uwajibikaji kuanzia kaya mpaka taifa.
3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni kaya zipi zinazohitaji kufuatwa kwanza maafa yakitokea?
4. Mtakusanyika wapi? Mlio wa kuitana utakuwa upi?
5. Lita moja ya maji ya chumvichumvi hutiwa sukari kiasi gani na chumvi kiasi gani?

Mkishajibu, chagueni watu wawili waende kwa mwenyekiti kabla ya wiki hii kwisha. Wampelekee majibu ya swali la tatu na la nne. Wasirudi mikono mitupu. Warudi na tarehe ya mkutano.